Duka Lililoletwa na Lori

Mtu apitaye barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala, au barabara ya Bagamoyo kupita Tegeta hadi Bunju, hakosi kuona duka la aina ambayo wazee wa Dar es Salaam hawakuijua katika ujana wao. Si duka la tofali, wala si kibanda cha mbao. Ni sanduku la chuma lenye urefu wa mita sita na upana usiofika mita mbili na nusu. Limepakwa rangi, limekatwa dirisha ubavuni, na ndani yake mwauzwa unga, sukari, sabuni, vocha za simu na maji ya chupa. Juzi palikuwa na uwanja mtupu. Jana lililetwa na lori. Leo wateja wamekwisha kulizoea.

Upesi huo huwavutia wengi, nao si upesi wa kudharauliwa. Lakini sanduku hilo halikubuniwa liwe duka. Lilibuniwa lisafiri baharini likiwa limefungwa, limepangwa juu ya wenzake, na bila mtu ndani. Mtu anapoingia humo na kukaa tangu alfajiri hadi saa nne ya usiku, karibu kila sifa iliyolifanya kuwa chombo bora cha safari hugeuka kuwa tatizo lake. Tatizo hilo laweza kutatuliwa, na mahali pake pa kutatuliwa ni karakanani, kabla ya lori kufika.

Ujenzi wa namna hii huitwa ujenzi wa karakanani. Jengo, au vipande vyake vikubwa, hutengenezwa mahali penye paa, mashine na mafundi waliokwisha kuizoea kazi, kisha hupelekwa kwenye kiwanja na kuunganishwa. Katika nchi zenye viwanda vingi hoteli, shule na maduka ya vituo vya petroli hujengwa hivyo. Katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke, pamoja na Ubungo na Kigamboni zilizomegwa kutoka wilaya hizo, zipo sura tatu za ujenzi huu: kontena la melini lililobadilishwa matumizi, kibanda cha bati na vyuma vya pembe kilichochomelewa na fundi wa mtaani, na, kwa mwenye fedha zaidi, paneli zilizofanywa kwa mabati mawili membamba yaliyobana povu la plastiki katikati. Makala haya yatashughulika zaidi na kontena, kwa kuwa ndilo linaloeleweka vibaya kuliko mengine.

Kipimo kilichotangulia nyumba

Wazo la kuleta sehemu ya nyumba ikiwa tayari imekwisha kupimwa si geni katika pwani hii. Kwa karne nyingi boriti za mikoko zilikatwa katika delta ya Rufiji na katika visiwa vya Lamu, zikachambuliwa kwa unene, zikahesabiwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na kupakiwa majahazini kwenda hata Arabuni na Ghuba, ambako miti ya kujengea ni haba. Boriti moja haiwezi kuvuka nafasi kubwa bila kupinda; kwa hiyo vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili vilikuwa virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Mti uliokatwa Rufiji ndio uliokuwa ukiamua upana wa sebule ya tajiri wa mbali. Msomaji atakayepima upana wa kontena atashangaa kuona ya kuwa umekaribiana sana na upana huo, ijapokuwa sababu zake ni nyingine kabisa.

Sababu za kontena zilitoka barabarani. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X, ya Mmarekani Malcom McLean aliyekuwa na shirika la malori, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa imebeba masanduku 58 ya chuma. Upana wa sanduku ulipaswa kutosha juu ya lori, na upana wa lori ulipaswa kutosha barabarani. Mwaka 1968 Shirika la Kimataifa la Viwango lilianza kutoa vipimo vya kontena vya kufuatwa na nchi zote. Kontena dogo la kawaida tunaloliona leo lina urefu wa mita 6.06, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59. Likiwa tupu lina uzito wa zaidi kidogo ya tani mbili. Baada ya miaka kumi hadi kumi na mitano ya kazi makampuni mengi ya meli huyauza, na hapo ndipo safari yake ya pili huanzia.

Kwa nini isiwe tofali?

Hoja ya kwanza ni ya muda. Zege huhitaji takriban siku 28 ili kufikia nguvu iliyokusudiwa na mhandisi. Katika ujenzi wa kawaida kazi hupangwa kwa mfuatano: msingi, kisha kuta, kisha lenta, kisha paa, na kila hatua huingoja iliyoitangulia. Katika ujenzi wa karakanani kazi mbili huenda sambamba. Wakati zege la msingi linakomaa kiwanjani, duka lenyewe linakatwa, linachomelewa na kupakwa rangi mahali pengine, na mvua ya masika haiwasimamishi mafundi. Saruji haiibwi usiku, kwa kuwa hakuna saruji nyingi ya kuibwa. Fundi anayetengeneza duka la kumi hutumia kiolezo kilekile alichotumia kwa la kwanza, wala hapimi upya.

Hoja ya pili ni ya ardhi, nayo ina uzito zaidi kwa wakazi wa pembezoni mwa jiji. Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Biashara hufuata barabara, na barabara hupanuka. Mwaka 2017 majengo mengi yaliyokuwa kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, yalibomolewa ili kupisha upanuzi. Mwezi Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam waliondolewa kandokando ya barabara na kuelekezwa katika maeneo yaliyotengwa. Katika hali kama hiyo tofali lililokwisha kujengwa ni hasara tupu, lakini duka linaloweza kunyanyuliwa huhama na mwenyewe. Yafaa kusema wazi kwamba chuma hakimpi mtu haki ya kukaa ndani ya hifadhi ya barabara. Humpunguzia hasara tu siku anapotakiwa kuondoka. Kibali cha manispaa bado chahitajika.

Mfano mkubwa wa hoja hiyo umetoka New Zealand. Tetemeko la Februari 2011 lilivunja sehemu kubwa ya katikati ya mji wa Christchurch. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, soko la maduka lililoundwa kwa makontena lilifunguliwa mahali hapo, nalo likawahudumia watu hadi Januari 2018, majengo ya kudumu yalipokuwa yamerudi. Lakini upo mfano wa upande wa pili. Mwaka 1972 msanifu Kisho Kurokawa alikamilisha jijini Tokyo jengo la vyumba 140 vilivyotengenezwa kiwandani, kila kimoja kikiwa kimefungwa kwa bolti katika mhimili wa zege ili kiweze kutolewa na kubadilishwa baada ya miaka 25 hivi. Hakuna hata kimoja kilichobadilishwa. Jengo lilichakaa, na mwaka 2022 likabomolewa.

Jambo kama hilo, kwa kiasi chake, hutendeka Mbagala na Bunju. Mwenye duka hununua kontena kwa sababu linahamishika. Kisha hulizungushia kibaraza cha tofali, humimina sakafu ya zege hadi ikafunika pembe zake nne za chini, na kuchomelea nguzo za kivuli katika ubavu wake. Baada ya mwaka mmoja ameligeuza kuwa jengo la kudumu lisilo na uimara wa jengo la kudumu.

Nguvu ya sanduku imo wapi?

Karatasi ya daftari ikilazwa juu ya vitabu viwili vilivyoachana hulegea kwa uzito wake yenyewe. Karatasi hiyohiyo ikikunjwa mikunjo midogomidogo kama pepeo, hubeba kalamu kadhaa bila kulegea. Haikuongezwa kitu; umbo tu ndilo lililobadilika. Ukuta wa kontena ni bati lenye unene usiozidi milimita mbili, nalo limekunjwa kwa sababu hiyo. Mikunjo pamoja na mihimili ya juu na ya chini hulizuia sanduku lisipinde wala lisiende upande. Mizigo mizito hasa hubebwa na nguzo nne za pembeni: meli ikipanga makontena sita au nane, moja juu ya jingine, uzito wote hushuka kwa njia ya nguzo hizo.

Kutokana na maelezo hayo mwanafunzi ataweza mwenyewe kubashiri makosa mawili. La kwanza ni tangi la maji. Paa la kontena hupimwa kiwandani kwa mzigo wa kilo 300 uliowekwa katika eneo la sentimita 60 kwa 30, yaani kiasi cha kuwahimili wafanyakazi wa bandarini wanaopanda juu. Tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja, bila kuhesabu tangi lenyewe. Likiwekwa katikati ya paa, bati hubonyea, maji ya mvua hutuama katika bonde hilo, na kutu huanza kazi yake. Hatari ya kuanguka hufuata baadaye. Tangi hilohilo likikalishwa juu ya mihimili miwili iliyolazwa kutoka nguzo hadi nguzo halileti madhara, kwani nguzo zilibuniwa kwa mizigo mikubwa kuliko huo mara nyingi.

Kosa la pili ni dirisha. Fundi anapokata nafasi ya mita tatu katika ubavu ili kuweka meza ya kuuzia, haondoi pazia. Anaondoa sehemu ya kile kilichokuwa kikiuzuia mhimili wa juu usipinde. Kanuni ni rahisi: fremu ya bomba la mraba huchomelewa kwanza kuzunguka alama ya dirisha, kutoka mhimili wa chini hadi wa juu, na bati hukatwa baadaye. Wengi hufanya kinyume, kwa sababu kukata ni kwepesi na duka huendelea kusimama. Husimama kweli, maadamu halijaguswa. Siku ya mtihani ni siku ya kuhamishwa. Winchi inapolinyanyua kwa pembe zake, ubavu uliokatwa hujikunja kama kopo lililokanyagwa, na watu waliosimama chini ndio walio hatarini. Hivyo basi dirisha lisilo na fremu huliondolea kontena ile faida iliyomfanya mwenyewe alinunue.

Jua la saa sita

Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba, na katika miezi mingine haliendi mbali. Kwa hiyo ni paa, kuliko kuta, linalopokea sehemu kubwa ya joto. Paa la kontena lina eneo la mita za mraba 14.8.

Na ichukuliwe siku moja ya Februari, saa sita mchana. Mionzi ya jua huleta kiasi cha wati 900 kwa kila mita ya mraba. Bati lililopakwa rangi ya bluu iliyokoza au kahawia, kama yalivyo makontena mengi, hunywa sehemu tisa katika kumi za mionzi hiyo, yaani wati 810. Nishati hiyo lazima iende mahali. Sehemu hurudi nje: kukiwa na upepo mwanana uso wa juu hutoa takriban wati 20 kwa kila nyuzi moja ya sentigredi ambayo bati limeizidi hewa ya nje. Sehemu nyingine huingia ndani: uso wa chini hutoa takriban wati 6 kwa kila nyuzi ambayo bati limeizidi hewa ya dukani. Bati lenyewe halizuii chochote, kwa kuwa chuma hupitisha joto kwa wepesi na unene wake ni mdogo mno. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 31 na ya ndani nyuzi 34, na joto la bati likiitwa T, mlinganyo ni huu:

810 = 20 (T − 31) + 6 (T − 34)

Mwanafunzi wa kidato cha pili ataona kwamba T ni karibu nyuzi 63. Joto linaloingia dukani ni 6 mara 29, yaani wati 174 kwa kila mita ya mraba. Na kwa paa zima ni zaidi ya wati 2,500. Ni sawa na kuweka pasi mbili na nusu za umeme darini, zote zikiwaka, juu ya kichwa cha muuzaji. Joto hilo humfikia zaidi kwa mnunurisho, kama moto wa jiko unavyomfikia mtu aliyekaa kando. Ndiyo maana kufungua dirisha humpunguzia jasho lakini hakumwondolei uzito wa kichwa.

Sasa paa hilohilo na lipakwe rangi nyeupe, ambayo ikiwa safi hunywa robo tu ya mionzi. Namba 810 yabadilika kuwa 225. T hushuka hadi nyuzi 40, na joto linaloingia ni karibu wati 560. Kopo chache za rangi zimeondoa karibu pasi mbili. Hakuna matengenezo mengine ya kontena yenye faida kubwa kiasi hicho kwa gharama ndogo kiasi hicho, ilimradi rangi isafishwe vumbi na kurudiwa inapochakaa.

Povu la plastiki la sentimita tano chini ya paa huenda mbele zaidi: hata kwa bati lililokoza rangi, joto linaloingia hushuka chini ya wati 400. Hapa kuna jambo la kustaajabisha kidogo. Bati lenyewe huzidi kuwa la moto, hadi nyuzi 70, kwa sababu njia ya ndani imezibwa, na hata hivyo duka hupoa. Lakini povu hilo hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Fundi asichomelee kitu chochote katika kontena lililokwisha kuwekwa povu. Kwa mfuko wa wastani, paa la pili la mabati lililoinuliwa sentimita 30 juu ya lile la kwanza, likiwa wazi pande zote ili Kaskazi na Kusi zipite katikati, hufanya kazi nzuri sana. Likirefushwa kuelekea mbele kwa mita moja na nusu hutoa kivuli cha baraza, na duka lisilo na baraza pwani hii halijawa duka: mteja hununua, lakini hakai.

Joto hilo si suala la raha peke yake. Dawa nyingi zimeandikwa kwamba zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza mkoani Ruvuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kisha kuenea nchini, yapo ili mtu wa pembezoni apate dawa iliyo salama. Kidonge kilichokaa miezi mitatu chini ya bati la nyuzi 63 huenda kisibadilike rangi wala harufu. Mama anayempa mtoto wake hana njia ya kujua kwamba nguvu yake imepungua. Kontena lisilotengenezwa lisitumiwe kuhifadhi dawa, hata kwa muda.

Usiku mambo hugeuka. Bati jembamba linapotazama anga lisilo na mawingu hutoa joto kwa mnunurisho na kupoa kuliko hewa iliyolizunguka. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi, hata mara nyingi ikipoa nyuzi moja au mbili tu huanza kuacha umande. Umande huo hutokea chini ya paa, ndani ya duka, na kudondoka. Mabaharia walilijua jasho hili tangu kontena la kwanza. Muuzaji asiyelijua hudhani paa linavuja, hununua lami ya kuziba matundu yasiyokuwapo, na sukari yake huendelea kulowa. Tiba ni matundu ya hewa juu ya kuta mbili zinazokabiliana, pamoja na povu au paa la pili, ambalo hulifunika bati lisilitazame anga.

Chumvi na umeme

Chuma cha kontena kimechanganywa na shaba na kromiamu kidogo. Kikilowa na kukauka mara kwa mara, kutu yake ya kwanza hushikamana kuwa ngozi inayopunguza kasi ya kutu nyingine. Lakini chumvi ya bahari huizuia ngozi hiyo isikamilike, na Kunduchi, Mbweni au Kigamboni hewa yote ina chumvi. Kwa hiyo ulinzi halisi ni rangi, na mahali palipokatwa au kuchomelewa rangi imeungua. Sehemu hizo zapaswa kusuguliwa hadi chuma king'ae, zipakwe rangi ya msingi yenye zinki, kisha rangi ya juu. Kazi hii huchukua saa chache karakanani. Kiwanjani, baada ya rafu kufungwa, haifanyiki kamwe. Sakafu nayo iangaliwe. Ni plaiwudi nene ambayo mara nyingi ilitiwa sumu ya wadudu kiwandani, nayo sumu hiyo huandikwa katika kibao cha chuma kilichopigiliwa mlangoni. Magunia ya unga yasilazwe juu yake moja kwa moja.

Jambo linalohusu uhai zaidi ni umeme. Waya unaopitishwa katika tundu lililokatwa kwenye bati, bila mpira wa kuukinga, husuguliwa na ukingo mkali kila mlango unapofungwa. Siku ganda la waya litakapokatika, duka zima huwa na umeme: kuta, meza, kitasa. Katika nyumba ya tofali kosa kama hilo hubaki mahali pamoja. Katika chuma huenea kote. Mteja aliyesimama pekupeku juu ya ardhi iliyolowa, akiegemea meza, hukamilisha mzunguko. Mwili uliolowa waweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Volti 230 gawanya kwa 1,000 ni ampea 0.23, yaani miliampea 230, na hata chini ya nusu ya mkondo huo yatosha kuuvuruga moyo katika muda mfupi. Kwa sababu hiyo kila kontena lenye umeme lazima liunganishwe kwa waya mnene na fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini, na liwe na swichi inayokata umeme yenyewe mkondo unapovuja kufikia miliampea 30. Swichi hiyo ina kidude cha kujaribia. Kibonyezwe kila mwezi. Muuzaji anayeona mteja wake akisema meza "inatetemesha kidogo" asicheke naye. Azime umeme wote, amwite fundi.

Pale lori lisipofika

Msingi hauhitaji maneno mengi. Kontena lenye bidhaa za tani nne lina uzito wa tani sita na robo hivi. Likiwekwa juu ya vitako vinne vya zege vya sentimita 40 kwa 40, udongo hubeba karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Vikiwa vya sentimita 60 kwa 60, hubeba chini ya nusu kilo. Kwa mchanga mkavu wa Tegeta au Chamazi tofauti hiyo si kubwa. Kwa udongo mweusi wa mabondeni ni tofauti kati ya duka lililonyooka na mlango usiofungika. Vitako viinuke sentimita 30 juu ya ardhi, ili hewa ipite chini na maji ya masika yapate njia.

Lakini kuna mitaa ambayo mjadala huu wote hauihusu. Kontena juu ya lori lina kimo cha zaidi ya mita nne, na katika vichochoro vya Tandale, Manzese au Tandika lori haliwezi kukata kona, wala nyaya za umeme zilizolegea haziruhusu kitu cha kimo hicho kupita. Huko, kibanda cha vipande kina akili zaidi. Fundi wa kuchomelea wa Keko au Gerezani hutengeneza kuta nne na paa vikiwa mbalimbali, kila kimoja na matundu ya bolti yaliyopimwa kwa kiolezo kimoja, na vyote huenda kwa mkokoteni mmoja au miwili na kufungwa asubuhi moja. Kwa mtazamo wa kiuchumi pia kontena lina dosari: lori linalolibeba linasafirisha hewa kwa sehemu kubwa. Vipande havina hewa. Wanaoshughulika na viwanda vidogo wangepaswa kukitazama kibanda hiki cha bolti kwa makini zaidi kuliko kinavyotazamwa sasa, kwa kuwa chuma chake hununuliwa madukani, ufundi wake upo mitaani tayari, na kinachokosekana ni michoro ya vipimo vya pamoja ili ukuta uliotengenezwa Keko uweze kufunga na paa lililotengenezwa Mbagala.

Walimu wanaotaka kulionyesha darasani suala la paa wanahitaji makopo mawili sawa ya maziwa ya unga, moja likipakwa rangi nyeusi na jingine nyeupe, vifuniko vikiwa vimetobolewa ili kuingiza vipimajoto viwili. Makopo yawekwe juani saa nne asubuhi juu ya ubao mkavu, sentimita 50 kutoka jingine, na joto liandikwe kila baada ya dakika kumi hadi saa saba. Baada ya hapo kopo jeusi lifunikwe kwa kipande cha bati kilichoinuliwa juu ya vijiti vinne bila kuligusa, na joto liendelee kuandikwa kwa saa moja zaidi. Grafu za makopo yote mawili zichorwe katika karatasi moja.